Wazee 26, dakika 120: dawa za asubuhi nizigawe vipi?

Kwenu wauguzi mliotangulia, shikamooni.

Nimepata leseni ya muuguzi aliyesajiliwa hapa Minnesota, Marekani, na kazi ya kwanza ni kwenye nyumba ya wazee, zamu ya saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Nilielekezwa kwa zamu 3 tu, kisha nikakabidhiwa funguo za kigari cha dawa na wazee 26.

Hesabu ndiyo inayonishinda. Dawa nyingi zimeandikwa saa 2, na utaratibu wetu unaruhusu saa moja kabla na saa moja baada. Kila mzee hapati hata dakika 5. Kati yao 7 huchomwa insulini ya chakula: nipime sukari kwanza, na sindano isitangulie sahani mno, maana jikoni wakichelewa nusu saa, sukari inashuka mtu akiwa mezani anasubiri uji. Wengine 4 husagiwa vidonge kwenye rojo la tufaha. Hapo napo pana mtego: metoprolol, dawa ya presha na moyo, ile ya kutoka polepole ukiisaga, dozi ya siku nzima inaingia kwa mkupuo na mapigo ya moyo yanaporomoka. Mmoja hupewa kwa mrija wa tumboni, dawa moja moja, maji kabla na baada. Yeye peke yake ananichukulia robo saa.

Wenzangu wananishauri nijaze vikombe vyote mapema na kuviandika namba za vyumba. Nimekataa, na si kwa ukaidi. Chukua kikombe chenye vidonge 6, vyeupe vya duara 4. Unapima presha kitandani, 92 kwa 54, na daktari ameagiza dawa ya presha isitolewe namba ya juu ikiwa chini ya 100. Utatoa kipi kati ya vile vyeupe? Isitoshe, wazee wetu hawavai utepe wa jina, na mwenye ugonjwa wa kusahau ukimwita kwa jina la jirani yake anaitika vizuri kabisa. Kinachoniokoa ni picha yake kwenye kompyuta, nikiwa nimesimama mbele yake na pakiti mkononi.

Ila kwa njia hiyo namaliza saa 4 kasoro robo, na majina 9 yamegeuka mekundu kwenye kompyuta, yaani muda wao umepita.

Kwa sasa naanza na wa insulini, kisha wenye ugonjwa wa Parkinson (dawa yao, levodopa, ikichelewa mwili unakakamaa), kisha walioko mezani. Wa mrija namweka mwisho. Mngepanga hivyo? Vitamini na dawa za kolesteroli naweza kuomba zihamishiwe jioni? Nimpigie daktari mwenyewe, au nimwachie mfamasia anayepitia majalada kila mwezi?

La mwisho ni zito zaidi. Sheria ya shirikisho inataka muuguzi aliyesajiliwa awepo saa 8 mfululizo kila siku, na wikendi huyo ni mimi peke yangu. Mzee anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, akianguka na kugonga kichwa, wauguzi wa leseni ya chini yangu, wenye miaka 15 kazini, wananitazama mimi. Nataka kuomba zamu zaidi za kuelekezwa. Ngapi zinatosha, na barua kwa mkuu wa wauguzi niiandikeje isionekane nakiri kazi imenishinda?

Muuguzi mgeni, Minnesota