Skrini za stendi: ratiba ya mabasi itangulie matangazo

Mhariri,

Kazi yangu ni kupanga kitu gani kionekane kwenye skrini, saa ngapi na kwa muda gani. Nawapangia maduka ya dawa, hoteli mbili tatu na ofisi za mikopo. Kwa hiyo nikikaa mahali penye skrini siwezi kuitazama kama watu wengine, najikuta nahesabu.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye stendi moja kubwa ya mabasi ya mikoani, jina nalihifadhi. Juu ya madirisha ya tiketi kuna skrini pana, ya bei mbaya. Likapita tangazo la simu, la godoro, la bima, la mafuta ya kupikia, la chuo, kisha simu tena. Ratiba ya mabasi ilitokea baada ya dakika sita, ikakaa sekunde kumi, ikaondoka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mabegi mawili miguuni alikuwa ndiyo kwanza amefika mstari wa tatu. Akanigeukia: "Dada, la Iringa umeliona?" Sikuwa nimeliona. Tukamuuliza mpiga debe.

Watu wakiona hivyo husema skrini mbovu au intaneti inasumbua. Skrini haina kosa. Programu inacheza orodha iliyopewa kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu inaanza upya. Ukiuza nafasi 24 za sekunde 15, tayari umefikisha dakika sita. Na kama ratiba umeichomeka mara moja tu mkiani, itaonekana mara moja kila mzunguko. Kila mtangazaji mpya anayeingia anamsogeza abiria sekunde 15 nyuma. Na dawa yake haihitaji kununua chochote: ratiba irudiwe baada ya kila matangazo mawili, au skrini igawanywe, sehemu kubwa ibaki ya mabasi muda wote na matangazo yapite pembeni. Kinachokosekana ni mwenye stendi kulisema hilo kabla nafasi hazijauzwa.

Maana mara nyingi mambo huenda hivi: stendi inatoa ukuta, kampuni ya matangazo inaleta skrini na kuifunga kwa gharama zake, kisha kampuni hiyo hiyo inabaki na nywila. Ratiba ya mabasi inageuka hisani. Na anayemlipa mwenye nywila ni muuza godoro, si yule mama wa Iringa.

Kwenye programu hizi kila orodha hupewa daraja. Chini kabisa ni ile ya kujazia, inayocheza pasipo na kitu kingine. Juu yake zinakaa zenye saa maalumu. Juu ya zote ni ya dharura, ambayo ikiingia inakata kila kitu mpaka iondolewe. Nimekuta sehemu ambazo orodha zote zina daraja moja, basi zinapokezana tu, tangazo muhimu na lisilo muhimu. Nimekuta pia tangazo la mteja mkubwa limepandishwa daraja la dharura, eti ndivyo alivyolipia. Siku ikija dharura ya kweli itapita wapi? Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Habari ya namna hiyo, au tahadhari ya mvua kubwa kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, haipangi foleni nyuma ya godoro.

Saa nazo zina vituko vyake. Mteja anaandika tangazo la chai lianze saa 2 asubuhi, kijana wa ofisini anaingiza 02:00, chai inatangaziwa walinzi saa nane usiku. Au sava, yaani kompyuta kuu inayoziendesha skrini, imeachwa kwenye UTC, saa za kimataifa ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, na tangazo la saa 2 asubuhi linatokea saa 5. Hayo yanachekesha. Lisilochekesha ni la usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri saa 24 mwaka 2023, ratiba ya usiku inaanza saa 12 jioni na kuisha saa 12 asubuhi. Kwa mashine hiyo ni 18:00 hadi 06:00, yaani mwisho umetangulia mwanzo. Kuna programu zinazoikataa, na kuna zinazoipokea kimya kimya halafu haichezi. Inabidi ikatwe vipande viwili saa sita usiku, na kipande cha pili kiwekwe kwenye siku inayofuata, la sivyo basi la usiku wa kuamkia Jumamosi halitaonekana popote. Na saa hizo ofisi nyingi zimefungwa. Abiria hana mwingine wa kumuuliza.

Umeme ukikatika ni hadithi nyingine. Vikompyuta vidogo vinavyofungwa nyuma ya skrini vingi havina betri ya saa. Vikiwaka kabla intaneti haijarudi, vinaendelea na saa ile ile vilipozimikia. Kifaa cha kutunza saa ni cha bei ndogo, lakini nacho hakimo kwenye mikataba.

Ombi langu ni kwa wasimamizi wa stendi, bandari na hospitali. Andikeni kwenye mkataba kwamba mtu asisubiri zaidi ya dakika moja kuiona ratiba au namba ya foleni yake, na kwamba daraja la dharura liwe mikononi mwa msimamizi wa zamu, ambaye nywila anayo hata saa nane usiku. Najua wenzangu kwenye biashara hii watanuna, kwa kuwa nafasi za kuuza zitapungua. Lakini watu huinua macho kwa sababu ya ratiba. Wakishazoea kuikosa, hawaitazami tena skrini, na godoro halimuoni mnunuzi. Mwaka jana mteja wangu mmoja mwenye chumba cha kusubiria alikubali kufuta nafasi nne na kupandisha bei ya zilizobaki. Watangazaji wake wote wamesaini tena.

Mpanga ratiba za skrini,
Tabata, Dar es Salaam