Barua kwa mpwa wangu aliye Norwei: lile neno la 2014 nalirudisha

Mpwa wangu,

Salaam aleikum. Sisi huku Mombasa tu wazima, hofu ni kwako wewe uliye baridini. Najua ungependa nikupigie simu kuliko kukuandikia, tena hapa mbele ya kadamnasi. Nimefanya makusudi. Tangu mama yako aseme kwenye grupu la familia kwamba umepigiwa simu kutoka Nairobi, ukaulizwa kama uko tayari kuchezea Harambee Stars, timu yetu ya taifa, hakuna aliyelala. Mjomba wako wa Malindi amekutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Binamu zako washakuchagulia namba ya jezi. Mimi peke yangu ndiye niliyenyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikonifanya niandike, na wao nataka wasome.

Unaikumbuka Juni ya 2014? Ulikuwa na miaka saba, mmekuja likizo, imebaki wiki moja tuingie Ramadhani. Nilikuchukua barazani kutazama Ubelgiji na Urusi. TV ilikuwa juu ya friji la soda, na kila friji likianza kunguruma picha inacheza. Wewe uko pajani kwangu, unamumunya kashata, mikono inanata. Mechi yenyewe ilikuwa baridi, sufuri kwa sufuri, wazee washaanza kuinuka kwenda kuswali isha. Dakika ya 88 Hazard akapita kushoto, akaurudisha mpira nyuma, na kijana wa miaka 19 aliyeingia kumpokea Lukaku akaupiga ukagonga nyavu za juu. Divock Origi. Nusu ya baraza ikaruka: "Mkenya! Mkenya!" Mzee mmoja alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akabaki hivyo hivyo.

Mimi nikasema, "Mkenya gani? Msaliti huyo."

Ukaniuliza msaliti ni nini. Nikakujibu ni mtu anayesahau kwao. Ukaitazama TV, wanarudia lile goli, ukaniambia, "Lakini amefunga."

Miaka 12 imepita. Sijui kama unalikumbuka neno lile, lakini mimi halijanitoka tangu siku mama yako alipotangaza habari zako. Sasa wewe ndiye wa miaka 19, umeshavaa jezi ya vijana wa Norwei, na endapo utasema hapana kwa Nairobi, kuna mtu mahali fulani atakuita vile nilivyomwita yule. Nataka ujue kwamba mimi simo. Lile neno nalirudisha.

Nalirudisha kwa sababu nilikuwa mjinga wa mambo. Babake Divock, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars, kisha akaenda kutafuta riziki Ubelgiji, akawa bingwa wa ligi na klabu ya Genk mwaka 1999. Ami yake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa klabu yetu ya Gor Mahia ilipochukua Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987. Huo si ukoo wa kufundishwa Kenya ni wapi. Lakini mtoto alizaliwa Ostend, akakulia kwenye akademia ya Genk, akapanda na timu za vijana za Ubelgiji ngazi kwa ngazi. Sisi tulikuwa wapi? Mwezi mmoja kabla ya lile goli, jina lake nilikuwa silijui. Nilianza kumdai siku ile alipofunga. Deni gani hilo linaloanza mdaiwa akishapata?

Na hapo sijakutajia Haaland wenu, anayewafungia Norwei kila kukicha. Alizaliwa Leeds, babake aliwahi kuchezea klabu ya huko. Sijasikia baraza la Waingereza likimtukana, au pengine ni kwa kuwa lugha yao siifuatilii sana.

Kuna jambo jingine ambalo pengine mama yako hajakwambia, maana huwa hapendi kulitaja. Mlipokuja mara ya kwanza, 2009, wewe hata kutembea hujakaza, afisa aliichukua pasipoti yako ya Norwei akaigonga muhuri: mgeni, siku 90. Dada yangu alisimama pale dirishani na mtoto mgongoni, amerudi kwao alikozaliwa, na mwanawe ni mtalii. Yule afisa hakukosea. Katiba ya zamani ndiyo ilivyokuwa: mtoto aliyezaliwa nje alirithi uraia kwa baba Mkenya, kwa mama harithi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 14, ndiyo iliyosema baba au mama ni sawasawa, na kwamba ni sawa hata kwa waliozaliwa kabla yake, popote walipozaliwa. Kifungu cha 16 kikaongeza kwamba mzaliwa haupotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine. Kwa hiyo wewe ni raia wa kuzaliwa, pasipoti zako mbili ni halali, na huna mtu wa kumpigia magoti. Watanzania hadi leo hawana ruhusa hiyo ya uraia pacha kwa watu wazima, na vijana wao walioko nje wanaijua shida yake. Ila ukiwasikia watu wanakwambia "nchi yako ilikulea", kumbuka ule muhuri.

Sasa sheria za FIFA, maana ami zako wengi wanakupigia mahesabu ya uongo. Mechi za vijana hazikufungi. Unaweza kuomba kuhama, na ruhusa ya kuhama ni mara moja tu maishani. Mechi za kirafiki za wakubwa nazo hazikufungi. Tazama Iñaki Williams: alicheza moja ya kirafiki na Uhispania mwaka 2016, na mwaka 2022 akaenda Kombe la Dunia na Ghana, mdogo wake Nico akiwa na Uhispania hiyo hiyo. Mechi za mashindano ndizo za kuogopa. Kijana anaitwa Munir El Haddadi aliingia uwanjani na Uhispania Septemba 2014 kwa dakika chache za mwisho, mechi ya kufuzu dhidi ya Macedonia, mchezo umeshaisha. Dakika hizo zikamfunga miaka sita. Alipotaka kwenda Morocco akafika hadi mahakama ya michezo, akakataliwa. FIFA ililegeza kamba Septemba 2020: mechi za wakubwa zisizozidi tatu, hata za kirafiki zikihesabiwa, za mashindano ziwe zote kabla hujatimiza miaka 21, isiwepo ya fainali za Kombe la Dunia wala za bara, kisha ungoje miaka mitatu. Ndipo Munir akavaa ya Morocco. Kwa hiyo siku kocha yeyote wa wakubwa, wa Oslo au wa Nairobi, atakapokwambia "vua trakisuti, ingia dakika mbili za mwisho", ujue ni dakika za aina gani.

Najua pia kinachokutia aibu. Mama yako amenidokeza: unaogopa ukingoja Norwei, wasikuite, halafu ukaja kwetu, tutasema umekuja na makombo. Mpwa wangu, njoo na makombo. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura, akakimbia vita akiwa mtoto wa miaka kumi, akapita timu zote za vijana za Uingereza. Novemba 2014 akaitwa kikosi cha wakubwa, hakupewa hata dakika moja. Mwaka 2018 akarudi Burundi, na mwaka 2019 Burundi ikacheza AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza, naye yumo. Warundi hawakumdai risiti. Ninachokuomba mimi ni kitu kidogo kuliko hicho: usije ukiwa na miaka 33, goti limefungwa bandeji, ukaomba tukupigie makofi.

Kabla hujajibu simu ya Nairobi, uliza maswali ya mtu mzima. Ukiumia kambini, nani anakulipia matibabu, na klabu yako inasemaje? Tiketi inakatwa siku ngapi kabla? Marupurupu yanalipwa lini? Nani kocha mwakani? Usione haya, sisi ndio tuliokufanya uulize. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho letu la soka ikaweka kamati yake, Februari 2022 FIFA ikatufungia, na mpaka tunafunguliwa Novemba tulikuwa tumeshatolewa kwenye mechi za kufuzu AFCON bila kupiga mpira hata mmoja. Wanamorocco wenzetu hawakumpata Hakimi, mzaliwa wa Madrid, kwa kumkumbusha bibi yake. Walijenga kituo cha mazoezi pale Salé ambacho mchezaji wa Ulaya akiingia haoni tofauti. Mwaka 2022 kule Qatar, 14 kati ya wachezaji wao 26 walizaliwa nje, na ni Hakimi huyo aliyeudokoa ule mpira wa penalti katikati ya goli akaitoa Uhispania mashindanoni.

Na mimi nataka nini? Usinifikirie malaika. Nataka Kenya. Namba tatu yetu, beki wa kushoto, inahitaji mtu anayepanda na kurudi, na AFCON ya 2027 tumepewa sisi na Uganda na Tanzania kwa pamoja. Nikifumba macho nakuona Kasarani unakata krosi, na mimi juu jukwaani nimepoteza sauti. Mwaka jana, wakati wa CHAN, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za nchini mwao, nilipanda treni ya SGR kwenda kuwaona wale wa ligi ya nyumbani, uwanja umefurika, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nakuwaza wewe. Haya ni matamanio ya mjomba. Wewe hayakuhusu, kama vile mimi hayanihusu magoti yako saa kumi na moja alfajiri kwenye theluji.

Ukichagua Norwei nitavaa nyekundu yao, na likija joto la Mombasa nitaivua. Mama yako tayari ana mpango: mwaka 2016, Granit Xhaka wa Uswisi alipocheza na kakake Taulant wa Albania, mama yao alikaa jukwaani na fulana iliyogawanywa kati, nusu nchi hii na nusu nchi ile. Dada yangu ameuliza fundi wa Marikiti anatoza ngapi kwa kazi kama hiyo.

Nyanya yako nimemsomea barua hii yote kabla ya kuituma. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: ukichagua Kenya, utalala kwake au hotelini? Nikamwambia timu hulala hotelini, tena Nairobi, Kasarani haiko Kisauni. Amenuna tangu adhuhuri. Umpigie wewe.

Mjomba wako,
Mombasa