Kipimo cha lundo kisilipwe kwa picha nzuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye machimbo ya kokoto na makandarasi wanaolipana kwa ujazo wa lundo uliopimwa kwa picha za droni. Programu ya kuunganisha picha hutoa ramani ya kupendeza hata pale mita za ujazo zilipopotoka.

GPS ya kawaida ya droni hukosea kimo kwa mita kadhaa. Kwa hiyo, kabla ya kurusha, ziwekwe alama ardhini zilizopimwa kwa RTK (GPS yenye usahihi wa sentimita): nne pembeni na moja katikati kwa uchache, na zaidi penye mabonde. Nyingine mbili tatu zisiingizwe kwenye hesabu, ziwe za kukagulia. Mpimaji anayeonyesha makosa ya alama alizorekebishia tu amejisahihishia mtihani wake mwenyewe.

Picha zipandane 80% kwa mbele na 70% ubavuni. Zikipungua, ubavu wa lundo hubaki na matundu, na programu huyaziba kwa kubahatisha. Kamera ikitazama chini tu, ramani yaweza kubinuka katikati. Zipigwe na picha za mshazari.

Kosa la 1% kwenye skeli ni 3% kwenye ujazo, maana limeingia kwenye urefu, upana na kimo. Lundo la mita za ujazo 5,000 hapo limepotea 150.

Ugomvi mwingi lakini uko kwenye sakafu, yaani uso wa ardhi chini ya lundo ambako ujazo huanza kuhesabiwa. Lundo lililo peke yake uwanjani, sakafu yake hutokana na pointi za kulizunguka chini; kimo chote kikipanda mita moja, ujazo haubadiliki. Likiegemea mteremko, unahitajika upimaji wa kabla ya kumwaga kokoto, na hapo sentimita 10 kwenye mita za mraba 2,000 ni mita za ujazo 200. Vipimo vyote viwili viwe kwenye mfumo mmoja. Kuchanganya Arc 1960 (mfumo wa ramani wa zamani wa Afrika Mashariki) na WGS 84 (mfumo wa GPS) huhamisha ramani takriban mita 300, ila hilo mtu huliona mara moja. Za kuogopa ni hizo sentimita 10.

Kabla ya kukokotoa, malori na katapila yafutwe, la sivyo yatahesabiwa kama kokoto. Na anayetaka tani apime uzito wa kokoto hizo hizo: kati ya tani 1.5 na 1.6 kwa mita ya ujazo, lundo la 5,000 linatofautiana tani 500.

Mpima ardhi,
Dar es Salaam