Bangi katika ibada za kale: isiongezwe wala isipunguzwe

Mhariri,

Wasomaji wa safu hii wamekuwa wakivutana kuhusu bangi na dini, wengine wakidai kwamba Biblia yenyewe iliiagiza, wengine wakishikilia kwamba hakuna wacha Mungu wa kale waliowahi kuigusa. Naandika kwa sababu kila upande unaacha nusu ya habari.

Ushahidi ulio karibu zaidi na Biblia ulitoka Tel Arad, ngome ya ufalme wa Yuda ukingoni mwa jangwa la Negev, ambako wanaakiolojia walifukua hekalu dogo katika miaka ya 1960. Mlangoni mwa patakatifu pa patakatifu palikuwa na madhabahu mbili za mawe ya chokaa, moja ikiwa na kimo cha sentimita 52 hivi na nyingine 40 hivi, na juu ya kila moja palikuwa na masalia meusi ya kitu kilichoteketezwa. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kikemia wa masalia hayo. Kwenye madhabahu kubwa ulikuwa ubani uliochanganywa na mafuta ya wanyama; kwenye ile ndogo ilikuwa bangi iliyochanganywa na samadi, ikiwa bado na THC, kemikali inayolevya. Mafuta huongeza joto ambalo ubani unalihitaji ili unukie, ilhali samadi huufanya moto uende taratibu, bangi ifuke badala ya kuteketea mara moja. Aliyeandaa mchanganyiko ule alijua anachokitafuta, na kwa maoni yangu hakuwa akitafuta harufu tu, kwa maana ubani ulikuwa tayari pembeni yake.

Hata hivyo, hilo halimpi mtu ruhusa ya kusema kwamba Musa aliagiza bangi. Dai hilo linatokana na mwanaanthropolojia Sula Benet, aliyependekeza mwaka 1936 kwamba maneno ya Kiebrania yanayotajwa katika Kutoka 30:23, "kaneh bosem", yalikuwa na maana ya bangi. Wataalamu wengi hawakubaliani naye, na huyasoma kuwa tete la kunukia. Tena mstari ule unahusu mafuta matakatifu ya kupaka, wala hauzungumzii moshi wa kuvuta.

Kwa upande wa pili, wanaosema kwamba matumizi haya ni uzushi wa vijana wa leo wangemsoma Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika katika karne ya 5 KK kuhusu Waskithi, watu wa kuhamahama wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, ambao baada ya kuzika walisimamisha miti, wakaifunika kwa mablanketi ya sufu, wakaingia ndani na kutupa mbegu za bangi juu ya mawe ya moto, wakipiga kelele za furaha kwa mvuke wake. Maelezo hayo yangeweza kudhaniwa kuwa ni hekaya, lakini katika miaka ya 1940 makaburi ya Pazyryk kwenye milima ya Altai, huko Siberia, yalitoa miti hiyo, vyombo vya shaba vyenye mawe, na mbegu za bangi zilizoungua. Mwaka 2019 vyetezo vya mbao vya miaka 2,500 iliyopita, vilivyofukuliwa makaburini katika milima ya Pamir ya Asia ya Kati, vilionyesha jambo lilelile.

India nayo haikuhitaji kufukuliwa. Neno letu "bangi" lina asili katika "bhanga" ya Kisanskriti, na Atharvaveda, mojawapo ya maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, inautaja mmea huo miongoni mwa mimea mitano inayoombwa iwaondolee watu dhiki. Hadi leo wapo waumini wa mungu Shiva wanaosaga majani yake, wakayachanganya na maziwa na kunywa katika sikukuu ya Maha Shivaratri.

Ninachowaomba wenzangu wakiangalie ni mahali na wakati. Ukiwaacha masadhu, yaani watawa wa Kihindu wa India, ambao huivuta kama sehemu ya maisha yao ya kujinyima, mifano niliyoitaja ni ya mazishi, sikukuu na madhabahu, na kwa Arad moto ulikuwa mikononi mwa makuhani. Anayevuta peke yake kila jioni anaweza kuwa na hoja zake, lakini asiazime kaburi la Mskithi kuzitetea.

Na anayeitaja Arad aisimulie hadi mwisho. Madhabahu zile hazikukutwa zimesimama. Zililazwa ubavu kwa uangalifu na kufukiwa ndani ya hekalu lenyewe, tendo ambalo baadhi ya wanaakiolojia wanalihusisha na mageuzi ya Mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 18. Watu wa Yuda waliifukiza bangi mbele za Mungu wao, kisha watu wa Yuda haohao wakaizika madhabahu yake, na ubani ukazikwa pamoja nayo.

Msomaji wako wa siku nyingi