Kapu linalokwama kwenye ongeza ya pili

Bandugu, kabla ya mazoezi ya Jumamosi hapa Bukavu, rekebisheni kwanza programu ya kapu la soko. Wengi mmeandika hivi katika Python:

k = Kapu().ongeza("sombe", 500).ongeza("sambaza", 2000)

Inakatika kwenye ongeza ya pili, ikilalamikia NoneType. Metodi (kazi ambayo kapu linaweza kufanya, kama ongeza) isiyo na return hurudisha None, yaani hakuna kitu, na None haina ongeza. Mwisho wa ongeza() wekeni return self, yaani irudishe kapu lenyewe. Ile jumla(), metodi ya kujumlisha bei, iacheni irudishe namba. Mnyororo wa kuita metodi moja baada ya nyingine kwa nukta unaishia hapo.

Kosa baya zaidi, maana halipigi kelele: vitu = [] kukaa juu kwenye klasi (kiolezo cha makapu yote). Makapu yote yanashiriki orodha moja, sombe ya mama huyu inaingia kwenye hesabu ya yule! Andikeni self.vitu = [] ndani ya __init__, metodi inayoendeshwa kila kapu jipya linapoundwa.

Mabano ya Kapu() msiyasahau.