Barua kwa Bakari kuhusu Kanuni za Kudumu

Nairobi

Ndugu yangu Bakari,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba nyumbani wote hawajambo na kwamba bunge lenu la kaunti limeamua kuzipitia upya Kanuni zake za Kudumu, yaani zile zinazoongoza vikao na mijadala yake. Umeniuliza kamati ianzie wapi, ukaongeza kuwa mwenyekiti wenu anaona kanuni hazina kabila wala dini, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kunakili zile za Bunge la Taifa na kubadilisha majina ya ofisi. Mwambie kwa heshima zote kwamba mimi sikubaliani naye.

Tazameni kwanza kanuni ya mwanzo kabisa ya Bunge la Taifa, ile ambayo wengi huiruka kwa kudhani ni utangulizi tu. Inasema kuwa jambo lisilotajwa katika kanuni litaamuliwa na Spika kwa kufuata Katiba, sheria zilizoandikwa, na mila na desturi za Bunge la Kenya pamoja na za mabunge mengine, kadiri zinavyofaa hapa kwetu. Sasa desturi za Bunge la Kenya zilianzia katika Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1907, ambalo lilianza na Waingereza watupu na halikuwa na Mwafrika hata mmoja hadi alipoteuliwa Eliud Mathu mwaka 1944. Kwa hiyo kila pengo mtakaloliacha litajazwa na utaratibu wa London, isipokuwa Spika wenu awe mtu wa kutafuta mfano kwingineko. Kunakili si kukaa katikati, ni kuchagua upande bila kusema.

Suala la lugha ndilo ningependa mlipe muda mwingi kuliko mengine yote. Ibara ya 120 ya Katiba imezitaja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na mpaka hapo hakuna la kulaumu. Tatizo limo katika kanuni inayomtaka mbunge aliyeanza hotuba yake kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyohiyo. Umewahi kuona inavyofanya kazi. Mheshimiwa anasimama, anaanza kwa Kiswahili kizuri, anaeleza hali ya malisho na visima kule kwake mpaka ukumbi unanyamaza kumsikiliza, kisha anafika kwenye kifungu cha mswada kilichoandikwa kwa Kiingereza. Akikisoma kilivyo, mwenzake wa upande wa pili anainuka na hoja ya nidhamu. Akijaribu kukitafsiri papo kwa papo, anakosea neno la kisheria na kuchekwa. Dakika zake zinayoyoma. Mara nyingine akipewa nafasi anaanza kwa Kiingereza chake cha kubahatisha, na yale ya malisho na visima hatuyasikii tena.

Historia ya jambo hili unaijua, lakini wanakamati wenu vijana huenda hawaijui. Mwaka 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Bunge lijadiliane kwa Kiswahili, ilhali miswada ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza, wabunge wakawa wanabishana kwa lugha moja juu ya maandishi ya lugha nyingine, hadi Kiingereza kiliporuhusiwa tena katika mijadala mwaka 1979. Tofauti ile kati ya lugha ya mjadala na lugha ya mswada haijaondoka hadi leo. Kanuni ya lugha moja kwa hotuba moja inamfanya mbunge mmojammoja abebe mzigo ambao taasisi nzima haijautua.

Pendekezo langu ni dogo. Mruhusuni mjumbe kunukuu waraka wowote ulio mbele ya bunge kwa lugha ulioandikiwa, na mruhusuni abadilishe lugha baada ya kumjulisha Spika. Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala, haitavurugika, kwa kuwa tayari huandika maneno kwa lugha iliyosemwa. Kinachokosekana ni tafsiri, na hilo ni suala la bajeti. Kwa upande wa Lugha ya Ishara, andikeni wazi nani ana wajibu wa kumleta mkalimani na kwa muda gani wa taarifa, maana haki isiyo na mwenye wajibu hubaki katika karatasi.

Lugha za wenyeji ndani ya ukumbi siziungi mkono, na najua hapa utanuna. Kaunti yenye Wapokomo, Waorma, Wawardei na Wamunyoyaya haiwezi kuendesha mjadala wa mswada kwa lugha zote hizo bila kumwacha mtu nje, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Lakini kamati inapotoka kwenda kusikiliza wananchi, kama Ibara ya 196 inavyodai bunge la kaunti lishirikishe umma, mzee aseme kwa Kiorma au Kipokomo, awepo mkalimani, na maneno yake yaingie katika taarifa ya kamati. Hilo liwe kanuni na lisiachiwe hisani ya mwenyekiti wa siku hiyo.

Kuhusu mavazi nitakuwa na maneno machache makali. Bunge la Taifa limeyaweka mavazi katika Kanuni za Spika, ambazo zinamtaka mwanamume avae koti, kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu, au sare, au vazi la dini, au vazi jingine la heshima ambalo Spika ataliidhinisha. Mwanamke anaruhusiwa kitenge na mavazi mengine ya Kiafrika. Soma tena uone: uafrika wa mwanamke umeandikwa, wa mwanamume unasubiri idhini. Na idhini hugeuka. Mwezi Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, vazi ambalo Rais mwenyewe alikuwa amelizoea, na wabunge hawakupiga kura yoyote juu yake. Sijali sana kama suti ya Kaunda ni nzuri au mbaya. Ninachojali ni kwamba jambo la namna hii liamuliwe na bunge zima kwa maandishi.

Kwa kuwa kanuni inawaruhusu kutazama mabunge mengine, tazameni New Zealand. Februari 2021 Spika Trevor Mallard alimtoa nje mbunge wa Kimaori, Rawiri Waititi, kwa kuvaa kidani cha jadi kiitwacho hei tiki badala ya tai. Kamati ya kanuni ilikutana mara moja, ikasikiliza hoja ya chama chake, na sharti la tai likaondolewa. Msije mkadhani waliyamaliza yote, kwani Juni 2025 bunge hilohilo lilimsimamisha Waititi na kiongozi mwenza wake kwa siku 21 kwa sababu ya haka, ngoma ya jadi ya Wamaori, iliyochezwa ukumbini mwaka uliotangulia wakati wa kura ya mswada kuhusu Mkataba wa Waitangi, ule uliotiwa saini kati ya Wamaori na Waingereza. Kulegeza vazi ni rahisi. Kukubali kwamba jamii nyingine ina namna yake ya kupinga ni kazi ngumu zaidi.

Liko pia suala la watoto wachanga. Agosti 2019 Mheshimiwa Zuleikha Hassan wa Kwale alitolewa ukumbini kwa kuingia na mwanawe wa miezi mitano, na mwezi huohuo Mallard, huyo wa tai, alimnywesha mtoto wa mbunge maziwa akiwa amekalia kiti cha Spika. Ongezeni sentensi moja tu inayosema kuwa mtoto anyonyaye si mgeni, yaani hahesabiwi kuwa mtu wa nje asiyeruhusiwa ukumbini.

Nitumie rasimu ya sehemu ya lugha kabla ya nyingine, hata ikiwa bado haijasafishwa, pamoja na kumbukumbu za kikao ambacho mwenyekiti wenu alizungumzia kunakili. Ukiweza, zifike kabla kamati haijaenda kwa wananchi, ili mkalimani awe ameshapangiwa fungu. Salamu zangu kwa mama na kwa watoto.

Ni mimi nduguyo,
Athumani