Risala ya Kikundi cha Wapanda Miti kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, chifu wetu, mwalimu mkuu uliyetupa uwanja, wazee, kina mama na vijana, hamjambo. Karibu sana mheshimiwa, umekuja na umekuja mapema, hilo tumeliona na tunashukuru.

Historia tutaipitisha mbio. Vidukari wa misaipresi, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa miti hii ya ua, waliingia Malawi 1986, Tanzania 1988 na hapa Kenya 1990, na hawa wazee wamekaa hapa mbele watakuambia vile nyua zilikauka boma baada ya boma, matawi yanaanza kuwa ya kahawia kutoka ndani mpaka ua wote unabaki kuni. Hata mutarakwa, mwerezi wetu wa asili, haukuachwa. Hawa vidukari huku kwetu ni majike, wanazaa bila dume, ndio maana ukikaa kidogo tu mti umejaa. Basi miaka hiyo ya 1990 watafiti wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, na wenzao wa ng'ambo wakaleta kanyigu kadogo kutoka Ulaya, Pauesia juniperorum. Hakadungi mtu. Kanamdunga kidukari, kanaacha yai ndani, buu linamla kutoka ndani mpaka anavimba na kukauka kama ganda, halafu nyigu mpya anatoboa tundu la duara anatoka kutafuta wengine.

Mafanikio yetu ni makubwa mheshimiwa. Memba ni 23, tumepanda miche 400 kuzunguka shule hii, na vijana wetu wanajua kutofautisha kidukari mzima na ganda lenye nyigu kwa macho tu, maofisa waliotutembelea walishangaa. Tulibeba matawi yenye maganda tukayafunga kwenye ua wa zahanati, na leo hakuna ua wa kijani kuliko ule kijiji kizima.

Sasa mheshimiwa, tunaomba utusikilize hapa. Tunaomba nyumba ya neti. Moja tu, mita 6 kwa 4, ya kufugia hawa nyigu.

Kwa sasa tunawafuga ndani ya vyandarua vya zamani tulivyoshona na uzi wa magunia. Vimetoboka. Siafu wanaingia na wale sisimizi wanaopenda ule utamu unaotoka kwa vidukari, wanawalinda vidukari na kuwafukuza nyigu, mvua ikinyesha kila kitu kinalala chini, na mwezi uliopita tulipoteza miche yote 30 tuliyokuwa tumeiandaa pamoja na nyigu wake. Mama mmoja alilia, na alikuwa na haki ya kulia kwa sababu ni yeye alikuwa anaimwagilia kila asubuhi. Wakulima nao wakiona tumekwama wanakimbilia agroveti wananunua dawa, wanapuliza, nyigu wanakufa, vidukari wanarudi na tunaanza tena sifuri. Hatusemi nyigu atamaliza vidukari wote, hapana, anawapunguza mpaka mti unapumua, lakini lazima awe na mahali pa kuzaana.

Mheshimiwa, hii neti si mara ya kwanza kuombwa. Mgeni wetu wa mwaka juzi aliiahidi mbele ya watu hawa hawa na tukampigia makofi, akasema wiki ijayo, tukachimba mashimo na kusimamisha nguzo 8 kwa pesa zetu. Mgeni wa mwaka jana alizikuta nguzo zimesimama, akapiga picha nazo, akaahidi pia. Nguzo mbili zimeshaliwa na mchwa. Tunawaheshimu wageni wetu wote na hatuna ubaya na mtu, ila tunaomba kwa unyenyekevu kwamba leo usituahidi. Bei ya neti, misumari na fundi tumeiandika, iko ndani ya bahasha hii pamoja na namba ya mweka hazina, na kama uwezo ni nusu tutashukuru kwa nusu, nyingine tutachangishana. Kama haiwezekani pia tuambie leo, ili kesho tuzing'oe hizo nguzo 6 kabla hazijaliwa zote.

Baada ya chai tutakupeleka uzione, ni hapo nyuma ya jiko la shule.

Ni sisi memba wa kikundi, imesomwa na katibu.